Visiwa Vidogo Vilivyokataa Kupunjwa

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima kijijini kwetu, siku chache kabla ya mkutano wa kikundi chetu cha wauza pweza na samaki. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, ili ndugu wa vijiji vingine nao wayasome.



Tunajua bamvua linakaribia na kila mmoja ana shughuli zake. Hatutawaweka hapa mpaka jua lizame.

Leo tutazungumza juu ya nchi za visiwa zilizo mbali sana na sisi. Wengine mtauliza: nchi hizo zinatuhusu nini? Ni swali zuri. Tutalijibu kwa kuanzia hapa hapa pwani kwetu.

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mtu alitoka mwambani na pweza wake, akamwendea tajiri peke yake. Tajiri anamshika pweza, anamgeuza, anasema, "Huyu mdogo. Shilingi 4,000 kilo." Ukikataa anakwambia, "Haya, nenda naye. Mwenzako hapo nyuma amekubali." Na kweli, ukigeuka unamwona mwenzako anatazama chini.

Ndipo tukaunda kikundi. Tukapanga bei moja, shilingi 7,000 kwa kilo. Mwezi wa kwanza tajiri alinuna. Mwezi wa pili akalipa.

Lakini bamvua lililopita wako wenzetu waliopigiwa simu usiku. Wakauza kando kwa shilingi 5,500. Hatutawataja. Hata mmoja wetu sisi wa kamati alipigiwa simu hiyo hiyo. Alikaa nayo mkononi muda mrefu kabla ya kusema hapana. Kwa hiyo hatukuja hapa kumnyoshea mtu kidole.

Sasa ipo hoja kwamba kikundi kivunjwe, kila mtu auze anavyotaka. Kura ni Jumamosi. Kabla hamjapiga kura, tunaomba msikie habari ya nchi 8 zilizokuwa na tajiri kama wetu, ila wa kwao alikuja na meli kubwa.

NCHI ZA BAHARI

Tazameni ramani ya darasa. Hapa ndipo tulipo sisi. Vukeni Bahari ya Hindi yote kwenda mashariki. Piteni Indonesia. Sasa mmeingia Bahari ya Pasifiki, bahari iliyo kubwa kuliko zote duniani. Hivi vidoto vidogo vidogo mnavyoviona si uchafu wa inzi. Ni nchi za watu.

Nchi zenyewe ni Papua Guinea Mpya, Visiwa vya Solomon, Visiwa vya Marshall, Shirikisho la Mikronesia, Palau, Nauru, Tuvalu na Kiribati. Hiyo ya mwisho inaandikwa Kiribati, lakini wenyewe hutamka Kiribas. Msione haya mkikosea kuisoma. Hata wasomi hukosea.

Papua Guinea Mpya ni nchi kubwa, ina mamilioni ya watu. Lakini nyingine ni ndogo kabisa. Nauru ina kilomita za mraba 21 tu. Mtu mwenye miguu mizuri huizunguka kwa siku moja na kurudi kula chakula cha jioni. Tuvalu ina kilomita za mraba 26 na watu kama 11,000. Kiribati ina visiwa 33 na watu kama 120,000, na ardhi yake yote ni kilomita za mraba 811. Katika visiwa vyao vingi vya matumbawe udongo ni haba. Yapo minazi, na ipo bahari.

Lakini bahari yao ni jambo jingine. Mwaka 1982 mataifa yalitia saini Mkataba wa Sheria ya Bahari. Mkataba huo unasema nchi yenye pwani ina haki juu ya samaki waliomo mpaka maili 200 za baharini kutoka ufukweni, yaani kilomita 370 hivi. Sasa fikirini nchi yenye visiwa 33 vilivyotawanyika mbalimbali. Pimeni maili 200 kuzunguka kila kimoja. Bahari ya Kiribati inafika kilomita za mraba milioni 3.5. Tanzania yetu yote, pamoja na maziwa yake, ni kama kilomita za mraba 945,000. Basi bahari ya hao watu 120,000 inaizidi Tanzania nzima zaidi ya mara tatu.

Na ndani ya bahari hiyo kuna jodari. Zaidi ya nusu ya jodari wote wanaovuliwa duniani hutoka Pasifiki ya magharibi na ya kati. Jodari huyu ndiye anayetiwa katika makopo yanayouzwa madukani Ulaya, Marekani na Japani.

WALIVYOPUNJWA

Watu hao walikuwa na bahari, lakini hawakuwa na meli za kuvua bahari kuu. Meli zilitoka Japani, Taiwani, Korea Kusini na Marekani. Meli moja ya siku hizi huzungusha wavu wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja, na kwa kutupa mara moja inaweza kupata makumi ya tani.

Mwenye meli alikwenda kwa nchi moja akauliza bei ya leseni. Nchi ikitaja bei nzuri, alisema, "Ghali. Nakwenda kwa jirani yako." Jirani naye akaogopa kukosa, akashusha. Mnamtambua mtu huyu? Ni yule yule wa pwani kwetu.

Jodari naye hana pasi ya kusafiria. Leo yuko Nauru, kesho yuko Kiribati. Nchi iliyokaza bei iliweza kuwakosa wenye meli, na samaki wake wakavuliwa kwa jirani. Matokeo yake yalikuwa haya: kwa samaki wa thamani ya dola 100, wenye bahari walipata kiasi cha dola 5 tu.

Wako waliokataa kulipa kabisa. Msimamo wa Marekani wakati ule ulikuwa kwamba jodari ni samaki msafiri, hivyo nchi yenye pwani haina mamlaka juu yake. Mwaka 1984 Visiwa vya Solomon viliikamata meli ya Kimarekani iliyokuwa ikivua katika bahari yao bila leseni. Mahakama ikaamua meli itaifishwe. Marekani nayo ikapiga marufuku samaki wa Solomon kuingia katika soko lake. Fikirini: umemkamata mtu shambani mwako na mkungu wako wa ndizi, halafu unaadhibiwa wewe.

Mwaka 1985 Kiribati ikafanya jambo la ujasiri. Ikatoa leseni kwa meli za Umoja wa Kisovieti, hasimu mkubwa wa Marekani wakati huo. Hapo wakubwa wakashtuka. Mwaka 1987, mjini Port Moresby, Marekani ikatia saini mkataba na nchi za visiwa kwa pamoja. Ikakubali kulipa kama dola milioni 12 kila mwaka, kwa miaka 5.

Angalieni neno hilo: kwa pamoja. Solomon peke yake ilifungiwa soko. Zilipokaa meza moja zililipwa.

KUKAA MEZA MOJA

Hawakuanza siku hiyo. Mwaka 1979 nchi za Pasifiki ya kusini ziliunda shirika la pamoja la kusimamia uvuvi. Makao yake yako Honiara, mji mkuu wa Visiwa vya Solomon. Mwezi Februari 1982, nchi 7 kati ya zile 8 tulizozitaja zikatia saini Mapatano ya Nauru. Tuvalu ikajiunga baadaye.

Mapatano hayo yalisema nini? Yalisema masharti ya leseni yawe mamoja kwa wote. Pia kila meli ya kigeni ikaandikwa katika daftari moja. Meli ikifanya uovu kwa mmoja na kukataa kutii sheria, inaweza kuondolewa katika orodha ya meli njema, na majirani wote hawaipi leseni. Ukimdhulumu mmoja, milango yote inafungwa.

Hata hivyo, ndugu zetu, msidhani mambo yalinyooka mara moja. Kuanzia 1982 mpaka fedha za maana kuonekana ilipita zaidi ya miaka 25. Mwaka 1992 walikubaliana kuweka ukomo wa idadi ya meli. Hatimaye ukomo ukawa meli 205. Ilikuwa hatua nzuri, lakini wenye meli ni wajanja. Ukimwambia alete meli moja tu, analeta meli kubwa zaidi, yenye wavu mrefu zaidi. Idadi ya meli ilihesabiwa, lakini bei ikabaki chini.

Wakatafuta njia nyingine. Mwaka 2007 wakaanza kuuza siku.

KUUZA SIKU

Hapa tunaomba mfungue madaftari yenu.

Kwanza, nchi zote zinakaa pamoja na kuamua: mwaka huu, katika bahari zetu zote, meli za nyavu za kuzungusha zitavua siku ngapi? Katika miaka mingi idadi imekuwa kiasi cha siku 45,000. Siku hizo hugawanywa kwa nchi, kila moja fungu lake. Mwenye meli akitaka kuvua, ananunua siku. Siku zake zikiisha, anatoka au ananunua nyingine. Na meli yenye urefu wa zaidi ya mita 80, kila siku yake moja inahesabiwa siku moja na nusu. Ule ujanja wa kuleta meli kubwa zaidi ukapata dawa yake.

Pili, waliweka bei ya chini. Hapo mwanzo kuna siku zilizouzwa chini ya dola 2,000 za Marekani. Kuanzia 2012 wakasema: siku moja isipungue dola 5,000. Mwaka 2014 wakapandisha hadi 6,000. Mwaka 2015 wakafika 8,000.

Wenye meli walilalamika sana. Walisema watakwenda kwingine. Lakini kwingine ni wapi? Jirani naye anauza bei hiyo hiyo. Na katikati ya bahari zao zilikuwapo sehemu za bahari kuu zisizo na mwenyewe. Nazo walizifikiria. Walitoa sharti hili: meli inayotaka leseni yetu isivue katika sehemu hizo. Ule mlango wa nyuma nao ukafungwa.

Tuhesabu pamoja. Siku 45,000 zikiuzwa zote kwa dola 8,000, ni dola ngapi? Yule mama pale amekwisha pata. Ndiyo, dola milioni 360. Na siku nyingi ziliuzwa zaidi ya bei hiyo ya chini. Mwaka 2010 nchi hizi zilipata kama dola milioni 60. Ilipofika 2019 zilikuwa zinapata kiasi cha dola milioni 500 kwa mwaka. Zile dola 5 kwa kila 100 zikawa karibu 25. Samaki ni wale wale na bahari ni ile ile. Kilichobadilika ni namna ya kuuza.

Fedha hizo zilifanya nini? Tutoe mfano wa Kiribati, ambako leseni za samaki zimekuwa zaidi ya nusu ya mapato ya serikali. Watu wa visiwa vya mbali kule huishi kwa kuuza mbata, kama wazee wetu. Mwaka 2016 serikali yao iliongeza maradufu bei ya mbata, kutoka dola 1 ya Australia kwa kilo hadi dola 2. Mama anayekausha nazi kijijini alipata faida ya jodari ambaye hajawahi kumwona.

UMOJA ULIOANDIKWA

Sasa tunafika kwenye jambo lenyewe tulilotaka kuwaambia.

Watu wengi wanasema umoja ni nguvu. Sisi pia tunasema. Tuliimba siku ya kuanzisha kikundi, tukapiga makofi. Lakini makofi hayakumzuia mtu kupokea simu usiku. Nchi hizi zilizuiaje mmoja wao kuuza kando? Tuliposoma habari zao tuliona mambo matatu.

La kwanza, wanaandika na kuhesabu. Kila meli ina chombo kinachotoa habari kwa setilaiti, ili ijulikane iko wapi. Siku zake zinahesabiwa katika kompyuta. Tangu 2010 waliweka sharti kwamba kila meli ya wavu wa kuzungusha ibebe mwangalizi. Mwangalizi ni mtu wa visiwa vyao anayekaa humo melini na kuandika kinachovuliwa. Ni kazi ya hatari. Wako waangalizi waliokufa au kupotea baharini wakiwa kazini. Tuwakumbuke, maana kalamu yao ndiyo iliyolinda bei.

La pili, wana ofisi yao wenyewe. Ilifunguliwa 2010 huko Majuro, katika Visiwa vya Marshall. Mtu akitaka kujua bei ya chini ni ngapi, haulizi kwa mnunuzi.

La tatu, na hili tunaomba mlishike sana, wana njia ya kumsaidia aliyekosa. Ipo hali ya hewa inayoitwa El Niño. Ikija, jodari huhamia mashariki, kuelekea Kiribati. Ikija hali ya kinyume chake, jodari hurudi magharibi, upande wa Papua Guinea Mpya. Basi mwaka mmoja huyu ana samaki tele na yule hana. Kama kila mtu angebaki na siku zake, aliyekosa samaki angezitupa kwa bei yoyote, na bei ya wote ingeanguka. Kwa hiyo walikubaliana kwamba siku zinaweza kuhamishwa. Asiye na samaki anamwuzia jirani siku zake, naye anapata fedha. Mwaka mwingine mambo yanageuka.

Mmeelewa hapo? Hawakumwambia mwenye shida, "Vumilia, umoja ni nguvu." Walimwekea njia.

Sasa turudi kwetu. Mmoja wa wale waliouza kando usiku ule, tulikwenda kumwona. Mtoto wake alikuwa na homa kali na nauli ya kwenda hospitali hakuwa nayo. Kikundi chetu hulipa kila Ijumaa. Ilikuwa Jumatatu. Tajiri alikuwa na fedha mkononi. Ninyi mngefanya nini? Kosa la kuuza kando lilikuwa lake, lakini kosa la kikundi kutokuwa na mfuko wa dharura ni letu sisi wa kamati. Tunalikiri mbele yenu.

KASORO ZAO

Hatutaki mwondoke mkidhani kule ni peponi. Yapo mambo yaliyowashinda, na mengine bado yanawasumbua.

Wenye meli wamejaribu kupunguza hesabu ya siku. Nahodha anasema, "Leo sikuvua, nilikuwa napita tu." Kila mwaka kuna ubishi juu ya siku za namna hiyo.

Tena, sehemu kubwa ya samaki wao hutiwa makopo ughaibuni, hasa Thailandi. Kazi za viwandani zinakuwa za wengine. Papua Guinea Mpya na Visiwa vya Solomon vina viwanda, na watu wengi wameajiriwa humo, lakini visiwa vidogo havina maji ya kutosha wala umeme wa kuendesha kiwanda kikubwa.

Ugomvi nao upo. Nchi za Pasifiki zina baraza lao kubwa la ushirikiano, lililoanza mwaka 1971, ambalo lina nchi 18 pamoja na Australia na New Zealand. Mwezi Februari 2021 nchi 5 za upande wa kaskazini zilisema zinajitoa. Zilidai kwamba zilikuwa zimeahidiwa zamu ya kutoa katibu mkuu, na ahadi hiyo haikutimizwa. Zote 5 zimo pia katika umoja wa jodari. Ilichukua muda kupatana. Mwaka 2022 walifikia makubaliano mjini Suva, Fiji. Kiribati hata hivyo ilijitoa mwaka huo, ikarudi 2023. Mwaka 2024 katibu mkuu akawa Baron Waqa, aliyewahi kuwa rais wa Nauru. Zamu ikawa imefika.

Kwa muda wote huo waligombana barazani, lakini hawakuvunja umoja wa jodari. Siku ziliendelea kuuzwa kwa bei ya pamoja. Ndugu wakigombana huweza kukaa mbalimbali kwa siku kadhaa, ila hawachomi moto nyumba wanayolala.

Na liko jambo kubwa kuliko yote. Bahari inapata joto. Wataalamu wanasema joto likizidi, jodari wengi watahamia mashariki, wengine mpaka bahari kuu isiyo na mwenyewe. Huko leseni za visiwa hazifiki. Tena maji ya bahari yanapanda, na visiwa vyao vingi viko chini sana. Nchi hizi hazikuchafua hewa kiasi cha kutajwa, lakini hasara ni yao. Juu ya hilo pia wanasema kwa sauti moja mbele ya mataifa, maana sauti ya nchi yenye watu 11,000 peke yake isingesikika.

BAHARI YETU

Kwetu je? Tanzania nayo ina eneo lake la bahari kuu, kama kilomita za mraba 223,000. Leseni za kuvua humo hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, ambayo makao yake yako Zanzibar. Jodari wanaopita kwetu ndio wanaopita kwa jirani zetu wa Shelisheli na Komoro. Visiwa vya Bahari ya Hindi vina kamisheni yao ya ushirikiano. Mkataba wake ulitiwa saini 1984 mjini Victoria, Shelisheli. Wanachama wake ni Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli, na Ufaransa kwa ajili ya kisiwa cha Réunion. Tangu 2007 wanashirikiana kulinda bahari dhidi ya meli zinazovua kwa wizi. Maana meli mwizi ikifukuzwa huku hukimbilia kule.

Kwa hiyo msiseme mambo haya ni ya wakubwa tu. Mkubwa na mdogo wanauza kitu kile kile, samaki asiyekaa mahali pamoja. Na mnunuzi ana maneno yale yale: "Mwenzako amekubali."

TUNALOPENDEKEZA

Ndugu wanakisomo, kura ni yenu. Mkisema Jumamosi kikundi kivunjwe, tutakivunja na hatutanuniana. Lakini sisi wa kamati tunawaombeni mkipe kikundi maisha, kwa masharti haya.

Kwanza, kikundi kinunue mizani yake. Tusipimiwe tena kwa mizani ya tajiri.

Pili, daftari la mauzo litundikwe hapa darasani. Kila aliyeuza aandikwe jina, kilo na bei. Zamani tungesema nani atalisoma? Leo tuko watu 34 humu ndani tuliohitimu, na kila mmoja anaweza kulisoma na kujumlisha. Hatuna tena sababu ya kumwachia katibu peke yake. Hata katibu mwenyewe ameomba akaguliwe.

Tatu, tuwe na mfuko wa dharura. Kila kilo moja itoe shilingi 200. Mtu mwenye mgonjwa apewe siku hiyo hiyo, asingoje Ijumaa. Tukifanya hivyo, simu ya usiku itakosa nguvu.

Na wale waliouza kando, warudi. Waliorudi huijua njia kuliko sisi.

Tunawaachia maswali matatu mkayazungumze nyumbani, mume na mke, na vijana wenu. Tajiri alimpa mwenzetu shilingi 5,500 usiku ule. Je, kikundi kikifa, mwaka ujao atampa ngapi? Nchi zile zingefanya nini kama kila moja ingebaki na daftari lake la siri? Na sisi, tukipata mwenzetu mwenye shida, tumemwekea njia gani kabla ya kumlaumu?

Anayetaka kusema sasa, karibu. Mama, tumekuona, wewe ndiye wa kwanza. Sisi tunakaa tusikilize.